Chai ya Kijani Kwa Mjomba Wake

Binti yangu aliporudi kutoka China alikuja na sanduku la nguo na mfuko mkubwa wa majani ya chai. Kabla hajakaa, kabla hata hajanawa uso, alitoa paketi moja kwenye ule mfuko, akaifunga ndani ya khanga ya mama yake na kuiweka juu ya kabati.

"Hii ya mjomba," alisema. "Isiguswe."

Nilikuwa nimeketi barazani, hapa nyumbani kwetu Kihonda. Ni mimi niliyekwenda kumpokea stendi ya Msamvu, nikasimama juani nikinyoosha shingo kila basi la kutoka Dar es Salaam lilipoingia. Ni mimi niliyebeba lile sanduku mpaka kwenye bajaji, ingawa goti langu halitaki tena mizigo. Nilimshukuru Mungu kwa kumrudisha salama, na nilishukuru kwa moyo wa kweli. Lakini macho yangu yalikuwa juu ya kabati.

Kwa asiyetujua sisi Waluguru, niseme kidogo. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Shamba la milimani analorithi ni la upande huo, na mkubwa wake ni kaka wa mama. Baba anaheshimiwa, anasomesha, anaozesha, lakini mjomba ndiye mwenye mtoto. Mimi mwenyewe ni mjomba. Watoto wa dada zangu wakija na kuku au mkungu wa ndizi napokea kwa furaha, wala sijawahi kuwauliza baba yao wamempelekea nini. Sikuona dosari yoyote katika mila hii mpaka iliponifikia kutoka upande wa pili, imefungwa kwenye khanga.

Binti huyu ni kitindamimba wetu. Aliolewa mapema, ndoa haikukaa, akarudi nyumbani bila mtoto na bila maneno mengi. Kisha akaomba kwenda kusoma, akapata nafasi China, na huko akasomea mambo ya chai: jinsi ya kuichuma, kuikausha, kuivingirisha, na namna mimea ya chai inavyotunzwa. Sasa anafundisha chuo hapa mjini siku za wiki. Jumamosi anapanda mlimani, kwa mjomba wake, juu ya Kinole, kwenye migomba na iliki.

Paketi zetu sisi alizipanga mezani jioni ileile. Nilidhani chai ya kijani ni kitu kimoja, kama chumvi. Kumbe ni ukoo mkubwa. Kulikuwa na majani yaliyovingirishwa yakawa punje ngumu kama pilipili manga. Ukitia maji ya moto zinafunguka polepole mpaka unaona jani zima na kikonyo chake. Kulikuwa na mengine bapa, laini, kama yamepigwa pasi, yenye harufu ya karanga zinazokaangwa. Kulikuwa na yaliyochanganywa na maua ya asumini, ambayo mke wangu aliyanusa akasema haya si ya kunywa, haya ni ya kuweka kitandani kwa maharusi. Na kulikuwa na kopo dogo la unga wa kijani kibichi alilopewa na rafiki yake Mjapani, pamoja na kifagio kidogo cha mwanzi cha kuukorogea mpaka utoe povu.

Mke wangu alichungulia bakuli la unga ule.

"Mwanangu, hii mbona kama maji niliyochemshia matembele?"

"Onja kwanza, mama."

Alionja. Akalamba midomo. "Ni maji ya matembele," akasema, na wote wawili wakacheka. Mimi nilikunywa langu lote, nikasema ni zuri. Nilitaka aone kwamba baba yake anaelewa vitu vya mbali. Ulimi wangu ulikuwa umekunjamana kama niliyekula ndizi mbichi.

Jumamosi ya kwanza aliondoka na ile paketi. Alirudi saa za magharibi akiwa na iliki kwenye mfuko, uso umechangamka. Mama yake akamuuliza habari za huko.

"Nzuri sana. Tumekunywa chai na mhogo wa kuchoma. Mjomba anasema ameipenda. Maji ya kule, mama, ni matamu. Chai inakuwa nyingine kabisa."

Nilikuwa navuta uradi, tasbihi mkononi. Nikapoteza hesabu, nikaanza tena.

Nikajiambia: kumbe ni maji. Maji yetu ya kisima hapa Kihonda yana chumvichumvi, yanaacha ukoko mweupe ndani ya birika. Basi binti yangu hamfuati mjomba, anafuata chemchemi. Wazo hilo lilinituliza usiku mmoja. Asubuhi yake niliamua nami nimpikie chai.

Nilingoja siku yeye yuko kazini na mama yake kaenda kwenye shughuli ya jirani. Nikachagua yale majani bapa, kwa kuwa ndiyo aliyoyaweka ndani kabisa ya kabati, na mtu huficha kilicho bora. Nikaweka sufuria jikoni. Hapa kwetu chai hupikwa. Maji yanachemka, majani yanaingia, tangawizi iliyopondwa inaingia, iliki inaingia, sukari inaingia humohumo, na vyote vinachemka pamoja mpaka povu lipande na nyumba inukie. Chai isiyochemka tunaiita mbichi, na mgeni aliyepewa chai mbichi anajua amedharauliwa. Nilimpikia binti yangu kwa heshima zote. Nilichemsha hadi rangi ikawa ya kahawia kama yetu ya siku zote, nikafurahi kuona nimeifikisha.

Aliporudi nilimmiminia kikombe kikubwa.

Alitazama ndani. Akanusa. Kisha akasema bismillahi, akanywa. Akanywa tena. Alikunywa mpaka mwisho, taratibu, bila kukunja uso, kama mtu anavyokunywa uji kwenye nyumba yenye msiba.

"Asante, baba. Umechoka bure."

"Imekaaje?"

"Nzuri, baba."

Alipoingia chumbani nilionja iliyobaki. Nimewahi kunywa mwarobaini kwa homa. Afadhali mwarobaini. Lakini uchungu ule haukuniumiza kama lile neno lake, "Nzuri, baba." Kama ni mjomba aliyempikia vile, najua binti yangu angetema. Angemwita jina la utani. Angesema, mjomba, unataka kuniua. Mimi nilipewa adabu.

Mke wangu alirudi akakuta sufuria haijaoshwa. Akanusa, akaangalia kabati, akaelewa.

"Mwalimu," aliniita kama wanavyoniita msikitini, "umepika yale majani ya mtoto?"

"Nilitaka kumkaribisha."

"Na iliki?"

"Kidogo."

"Na tangawizi?"

Nilianza kuosha sufuria. Alishika mlango kwa kucheka. "Mume wangu, ungetia na nazi tu iwe mchuzi."

Jioni ile nilimwomba binti yangu anifundishe, na alinifundisha vizuri, Mungu ambariki. Maji yakichemka, usiyatumie bado. Yamimine kwenye jagi, kisha kwenye vikombe, kisha uyarudishe, yapoe mpaka ukiweka kiganja juu ya mvuke hakiungui. Majani kiasi cha kushika kwa vidole. Maji yanaingia, unangoja kidogo tu, unamimina yote, usiache majani yakilowa kwenye maji. Halafu majani yaleyale unayatia maji tena, na chai ya pili mara nyingi ni bora kuliko ya kwanza. Ya tatu ina utamu wake mwepesi. Hakuna sukari.

Wakati maji yanapoa hakuna cha kufanya. Mimi siku zote nafasi kama hiyo naijaza. Nilimweleza adabu za kunywa: kukaa, kunywa kwa mkono wa kulia, kutopulizia kinywaji, kupumua nje ya kikombe. Nikamweleza wanazuoni wamesema nini kuhusu kunywa umesimama. Alisikiliza kwa adabu. "Ndiyo, baba." Nilipomaliza, maji yalikuwa yamepoa kupita kiasi, ikabidi aanze upya.

Basi nikawa mnywaji. Nasema hivi bila mzaha, chai ile imenifaa uzeeni. Baada ya sala ya alfajiri na darsa fupi la msikitini narudi nyumbani, nachemsha maji, nayapoza. Zile punje kama pilipili manga nazinywa asubuhi kwa kuwa zina nguvu na moshi kidogo, kama harufu ya nguo ya mtu aliyetoka kwenye jiko la kuni. Yale bapa nayahifadhi kwa baada ya alasiri. Ya asumini nilimwachia mke wangu, ambaye siku hizi anayanywa na anakataa kwamba aliwahi kuyacheka. Unga wa kijani sitaki kuuzungumzia. Mvua za masika ziliponyesha nikaweka ndoo safi chini ya mchirizi wa bati, nikayachuja maji kwa kitambaa, na chai ikatoka laini, rangi ya majani machanga ya mgomba. Nikajua nimepata. Hakuna chumvi, hakuna ukoko.

Siku hiyo nilimwita aje aonje.

Alionja, akafumba macho. "Baba, hii imekaa. Imekaa kweli."

"Ni nzuri kuliko ya kwa mjomba wako?"

Alinitazama juu ya kikombe. "Baba."

"Nauliza tu. Maji ni ya mvua, hayajagusa hata bomba."

"Kila chai na mahali pake, baba."

Jumamosi alipanda Kinole kama kawaida.

Sasa niseme juu ya moyo wangu, kwa sababu nimefundisha jambo hili kwa vijana na wazee nikadhani nalijua. Katika dini tunatofautisha. Kuna mtu anayeona neema kwa mwenzake akatamani naye apate kama ile. Huyo hana dhambi. Na kuna mtu anayetamani ile neema imtoke mwenzake. Huyo ana husuda, na husuda inakula mema ya mtu. Nilijipima kwenye mswala wangu. Je, nilitaka binti yangu akae nami kama anavyokaa na mjomba wake? Ndiyo, na hilo ni halali. Je, nilitaka chemchemi ya Kinole iingie tope Ijumaa usiku? Niliomba msamaha, nikaendelea kutamani iingie tope.

Shemeji yangu si mtu mbaya. Tuna umri mmoja. Hakupenda kusoma, tulipokuwa vijana alitoroka chuoni kwenda kutega ndege. Anasali, anafunga, ana iliki nzuri na maneno mengi. Analala mchana. Akicheka anapiga goti. Kila nikimfikiria nilijiuliza mtu kama huyu anampa nini mtoto aliyesoma mpaka China. Na jibu nililojipa halikuwa la upole.

Ndipo mke wangu, siku moja tukimenya viazi, akasema kama anayezungumzia hali ya hewa, "Huyo mwanamume wa Gairo kaka yangu anasema ni mtu mtulivu."

"Mwanamume gani wa Gairo?"

Alinyanyua macho, akajua amemwaga siri. "Nilidhani umeshaambiwa."

"Na nani?"

"Na mtoto."

"Mtoto hajaniambia kitu. Wewe umeambiwa na nani?"

"Na kaka yangu."

Niliweka kisu chini. Binti yangu anaposwa. Mjomba anajua, mama anajua kutoka kwa mjomba, na mimi, baba, walii wake, ambaye bila ulimi wangu hakuna ndoa itakayofungwa, nilikuwa nimekaa hapa natega maji ya mvua. Kuna mas'ala niliyoyafundisha kila mwaka: mwari akinyamaza anapoulizwa, kunyamaza kwake kunatosha, lakini mwanamke aliyewahi kuolewa lazima atamke mwenyewe. Mwanangu aliwahi kuolewa. Kwa hiyo lazima atamke. Na alikuwa ameshatamka, ila si mbele yangu.

"Usimgombeze," mke wangu alisema.

"Simgombezi mtu."

"Nakujua. Hutagomba. Utamsomesha."

Nilitaka neno lile nilisikie mimi, kutoka mdomoni mwake, kabla halijaja kwa mshenga akiwa na barua ya posa. Sikutaka kingine. Jumamosi nilimwacha atangulie, kisha nami nikachukua gari la Kinole, nikapanda bodaboda mpaka njia ilipoisha, halafu nikaanza kupanda kwa miguu, fimbo mkononi, goti likinung'unika. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Udongo ulikuwa mwekundu na utelezi, na ukungu haujatoka kwenye mabonde. Akina mama walioteremka na mizigo ya ndizi walinipa shikamoo wakanipisha njia. Mmoja aliniuliza kama naenda msibani.

Kabla sijauona uwanja wa shemeji yangu nilisikia kicheko kikipita kwenye migomba. Kilikuwa kicheko cha mwanamke, kikubwa, cha kupasuka, kikisita kidogo na kupasuka tena. Nilisimama. Ilinichukua muda kujua ni cha nani, maana nyumbani kwangu sijakisikia tangu akiwa msichana mdogo.

Nilibisha hodi.

"Karibu," sauti ya shemeji. Nilipotokea alipiga goti. "Walii amepanda mlima. Shikeni fimbo yake kabla hajatuchapa."

Binti yangu alikuwa amesimama tayari. Khanga iliyokuwa begani ilikuwa kichwani. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Na kicheko kilikuwa kimekwisha, kama mtu aliyefunika sufuria. Hakufanya kosa lolote. Ndivyo tulivyomlea: baba akiingia, mtoto anajikusanya. Mke wa shemeji alinipa kiti kizuri, shemeji akahamia kwenye kigogo. Heshima yote ilikuwa yangu, na ningeitoa yote papo hapo kwa kukaa kwenye kile kigogo.

Palikuwa na birika jeusi kwenye mafiga, mhogo kwenye majivu, na vikombe vya bati vya shemeji, kimoja kimebonyea ubavu. Hakuna jagi, hakuna kiganja juu ya mvuke. Nilitazama vizuri nione chai inayonishinda inatengenezwaje. Binti yangu aliepua birika, akaliweka chini kwenye majani ya mgomba, akaliacha. Mjomba mtu alikuwa ametia sukari ndani ya kikombe chake. Vijiko viwili vilivyojaa. Sukari kwenye yale majani bapa.

"Anatia sukari?" nilimwuliza binti yangu.

"Mjomba hasikii."

"Nasikia sana," alisema shemeji. "Bila sukari ni maji ya kuoshea majani. Nimemwambia hivyo siku ya kwanza, akacheka mpaka akamwaga."

Mimi nilikuwa nimekunywa unga wa matembele bila kukunja uso.

Sikuweza kungoja. "Mwanangu, nimesikia kuna mtu anakuposa."

Aliinama akauchokoa mhogo kwa kijiti.

"Shemeji," mjomba wake akasema, "kaa kwanza. Jasho halijakukauka, maji hayajapoa, umeshafungua kesi."

"Sijafungua kesi. Nauliza jambo ambalo kila mtu analijua ila mimi."

"Nani kakwambia?"

"Dada yako."

"Huyo mwanamke." Alitikisa kichwa. "Nilimwambia afunge mdomo mpaka mtoto aseme mwenyewe. Wala mimi usinitazame hivyo. Kila Jumamosi namwambia, mama, nenda kamwambie baba yako. Mimi mposaji wako nitampa iliki tu, kadhi hanijui. Yeye anaogopa."

"Anaogopa nini? Nimewahi kumpiga?"

"Anaogopa darsa."

Binti yangu alifunika mdomo kwa khanga. Mabega yakatikisika. Hata mbele yangu, hata siku hiyo, mjomba wake aliweza kumchekesha kwa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa juu yangu. Nilihisi joto limenipanda hadi masikioni. Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa sahihi. Nilikuwa na haki ya walii, na haki ya mzazi, na aya, na kauli za wanazuoni kwa mpangilio wake. Niliona binti yangu ananitazama, anayangojea, kama mtu anayeona wingu na nguo zake ziko kwenye kamba.

Nikanyamaza. Sitasema ni subira. Koo lilikuwa limekauka na nilikuwa nimechoka kwa mlima. Birika lilitoa mvuke mwingi, kisha kidogo, kisha uzi mmoja. Shemeji alianza kusinzia pale kwenye kigogo, au alijifanya. Binti yangu akatia majani, akamimina maji, akangoja, akanimiminia. Nilikunywa. Ilikuwa chai nzuri sana. Sitaki kusema ilikuwa nzuri kuliko ya mvua.

"Ni wa Gairo," alisema, akiwa anatazama moto. "Ana ghala la mahindi na karanga. Alikuja chuoni kuuliza namna ya kuhifadhi karanga zisiote ukungu. Alifiwa na mkewe. Ana mtoto mmoja wa kike, yuko kwa bibi yake."

"Ndiyo."

"Anasali. Si shehe, lakini anasali." Akaugeuza mhogo. "Nilitaka nimwambie kwanza mtu atakayenicheka, baba. Halafu ndiyo nimwambie atakayeniuliza maswali."

"Maswali ninayo."

"Najua."

Nilikuwa nayo kweli. Ukoo wake, madeni yake, mkewe alikufaje, anamtunzaje huyo mtoto, kwa nini hajaja na wazee wake. Nikaona nikianza na moja yatafuatana yote kama mbuzi wakitoka zizini. Nikauliza lile ambalo mimi peke yangu, katika watu wote wa mlima na bonde, ninawajibika kuliuliza.

"Unamtaka?"

"Namtaka, baba."

Alilisema wazi, kwa sauti ya kawaida, akiwa ameniangalia. Nikamshukuru Mungu. Nilikuwa nimelisikia kwa masikio yangu, na hakuna atakayelisikia kwa niaba yangu.

"Basi waje," nilisema. "Waje Kihonda. Nitawapikia chai mwenyewe."

"Usitie tangawizi," alisema shemeji, macho yamefumba.

Binti yangu alipasuka kicheko. Kile chenyewe, kikubwa, na safari hii hakukifunika. Ningependa kusema alikuwa akinitazama mimi alipocheka. Alikuwa akimtazama yeye. Kumbe hata habari ya sufuria yangu ilikuwa imepanda mlima muda mrefu, na wawili hawa walikuwa wameshaicheka bila mimi, labda zaidi ya Jumamosi moja.

Tulisali adhuhuri uwanjani, mimi nikiwa imamu, shemeji kuliani kwangu, mkewe na binti yangu nyuma yetu, na katika sijda niliomba nisamehewe kile nilichokuwa nakihisi wakati huohuo. Kisha tukaaga. Shemeji alikataa tushuke peke yetu. Kwetu mgeni anasindikizwa, na shemeji wa heshima anasindikizwa mbali. Alibeba mfuko wa iliki na mkungu mdogo wa ndizi aliokuwa amemkatia dada yake.

Njia ya kushuka ni nyembamba, ya mtu mmoja mmoja, ila sehemu chache tu ambapo wawili wanaweza kwenda sambamba. Nilitarajia binti yangu anishike mkono kwa ajili ya goti. Alinishika pale penye mteremko mkali, akaniachia pale palipokaa sawa. Mbele palipotanuka alijikuta ubavuni mwa mjomba wake, na mimi nikabaki nyuma na fimbo yangu. Waliongea kwa sauti ya chini. Niliona shemeji akimgusa kwa kiwiko, akimwonyesha kitu bondeni, paa la nyumba au shamba la mtu. Sikusikia alichosema.

Nilijiambia kwamba nimepewa nilichokiomba. Neno nilikwishalisikia. Mwezi haungeisha kabla wageni wa Gairo hawajaketi barazani kwangu, na mimi ndiye ningewajibu. Mungu amenipa mtoto, amemrudisha kutoka mbali, na amenipa umri wa kumwozesha mara ya pili. Nilimshukuru kwa kila moja ya hayo, kwa vidole, hatua kwa hatua, nikishuka.

Mbele yangu walicheka tena. Nikaongeza mwendo.